Mkono wa Kulia wa Ami

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Wakubwa walimwita Ami, sisi wadogo tukamwita Ami, na hata wageni waliokuja kununua mara moja na kupotea walitoka wakisema Ami. Alikuwa na duka la kamba kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, karibu na soko la Kariakoo: kamba za katani, za nailoni, za kuanikia nguo, za kufungia mizigo ya mikoani, na zile nene wanazonunua wavuvi na watu wa mashua wa Feri. Ukiingia, harufu ya katani ilikupokea kabla hujamwona mwenyewe. Alikaa nyuma kabisa, juu ya robota la kamba, kofia nyeupe, msuli umekazwa kiunoni, macho mlangoni.

Mita alikuwa nayo, ya chuma, imetundikwa ukutani kwa ajili ya wakaguzi. Yeye mwenyewe alipimia mikono. Anashika ncha ya kamba, anatanua mikono yote miwili mpaka mwisho, kidole hadi kidole, hiyo ni pima moja. Sasa tatizo ni kwamba Ami alikuwa mfupi, na watu wa Feri hawakuwa wajinga. Wakilalamika, yeye anawaambia, "Mimi sina ugomvi. Leteni mwenye mikono mirefu apime yeye." Basi siku moja wakamleta jamaa yao, njiti la mtu, akainama kupita mlangoni. Ami akamwachia kamba. Akamtazama anavyojitanua kama anaanika nguo, akamsubiri amalize, kisha akasema kwa upole kabisa, "Hodari. Sasa bei niliyosema ni ya pima zangu. Za kwako tuanze kupatana upya." Kichochoro kizima kilicheka, na yule njiti mwenyewe akacheka, na wakanunua.

Lakini kama ulitaka kumjua Ami, ungemtazama mkono wa kulia. Huo ndio uliokuwa dini yake ya pili. Nikiwa mdogo mama alinituma kamba ya kuanikia. Mkono wa kulia nilikuwa nimeshika sambusa, nikampa hela kwa kushoto. Ami akainua macho, akaangalia dari.

"Ami, hela hii hapa."

"Sioni kitu."

"Ami, si hii hapa!"

"Sioni. Mtu ananyooshewa mkono wa chooni, ataona nini?"

Nilibadilisha, sambusa ikaangukia vumbini, naye akanipa kamba na wala hakunipa pole. Kila aliyekulia kile kichochoro ana kisa chake cha namna hiyo. Wachukuzi, watu wazima na mabega yao, walirudishwa mlangoni waanze upya salamu. Ukipokea kwa kushoto, hukupokea. Ukitoa kwa kushoto, hukutoa. Akikupa kitu mwenyewe, alikupa kwa kulia, na kama wewe ni mtu wa kuheshimiwa hasa, wa kushoto ulikuja kushika wa kulia pale kwenye kifundo cha mkono, kama tulivyofundishwa sote. Lakini hiyo ya mikono miwili aliibana. Aliwapa masheikh, na mama yake mzazi alipokuwa hai.

Na Mungu akampa binti wa mwisho, Salma, ana mashoto.

Hili silisemi kumsengenya. Nililiona kwa macho yangu, kwa sababu kwetu na kwao tulikuwa tunaingiliana bila hodi. Wakati wa chakula Ami alichukua kipande cha kamba laini ya nailoni, akafunga mkono wa kushoto wa mtoto kiunoni. Salma akala kwa kulia, wali unamwagika kwenye gauni, machozi yanamlenga, na mama yake akisema, "Muache mtoto, jamani." Ami hakumwacha. "Kesho atakula sinia moja na watu," alisema. "Watamwona hana kwao." Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipoelewa kwamba yule mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na woga. Aliogopa aibu kuliko watu wengine wanavyoogopa njaa.

Na huyo huyo ndiye aliyekuwa akimmenyea Salma machungwa, akimtolea nyuzi zote nyeupe moja moja. Huyo huyo aliposikia watu wanamchagulia binti yake mchumba alisema, "Atachagua mwenyewe, mimi nitakagua tu." Huyo huyo alimkemea muuza kahawa aliyekuwa akikohoa kifua wiki kwa wiki: "Nenda hospitali! Mficha maradhi kifo humuumbua." Kumbe dawa zake yeye za presha zilikuwa nyuma ya robota, hajazigusa, ili wateja wasione Ami anameza vidonge. Ndivyo alivyokuwa. Ukimpenda ilibidi umchukue hivyo hivyo.

Presha haikujali haya zake. Ilimkuta asubuhi, kamba mkononi, katikati ya pima. Mkono wa kushoto ulibaki umenyooka, wa kulia ukashuka. "Kamba imenidondoka," alisema, akainama kuiokota, na hakuweza. Wengine wakasema amepigwa upepo, wengine wakasema mkono wa mtu, biashara ina macho mengi. Hospitali wakasema kiharusi. Mguu ukarudi baada ya muda, anauburuza kidogo. Ulimi haukuguswa kabisa, na wateja walilijua hilo mapema. Mkono wa kulia ndio uliobaki unaning'inia.

Wakati huo mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye kliniki ya mazoezi ya viungo hapo mjini. Tulikuwa na mradi wa vidude vya kupimia mikono ya watu waliopata kiharusi. Ni kitu kama saa isiyo na uso: unamfunga mgonjwa kimoja kila kifundo cha mkono, na ndani yake kuna kihisio kinachosikia kila mwendo, mkono umepanda, umeshuka, umegeuka. Tunakiunganisha na kompyuta, inatuambia mkono mbovu umetumika kiasi gani ukilinganisha na mzima. Daktari wetu alikuwa mtu makini na alituhubiria jambo moja kila siku: kipimo kizuri ni kile ambacho ukirudia, na mgonjwa hajabadilika, kinakupa jibu lile lile, awe amepima Juma au amepima Asha.

Nikaomba Ami aje kwangu. Nilidhani namfanyia hisani.

Siku ya kwanza alikataa kukunja mkono wa kanzu mbele yangu. Alitazama ukuta. "Niletee mtu mwingine," akasema. "Yeyote. Wewe nilikukatalia hela." Nikacheka, nikadhani utani. Nikamkunjia mwenyewe kanzu, nikamfunga vidude, nikamwambia anyanyue mkono afikie kikombe mezani. Mkono ukatetemeka, ukakwama pale pale. Siku iliyofuata nilikuwa na shughuli, akampima mwenzangu, kijana wa Mwanza ambaye Ami hakumjua yeye wala ukoo wake. Mkono ukapanda mpaka karibu na kikombe, vidole vikining'inia. Nikampima tena mimi, ukakwama. Mkono ule ule, kiti kile kile.

Tulibadilisha vidude. Tulibadilisha mikanda. Tulimhamisha kiti mbali na feni. Daktari alikagua kompyuta mpaka jicho likawa jekundu. Hakuna hata mmoja wetu, na mimi ndiye niliyekulia mlangoni kwake, aliyesema kwamba mzee anaona haya. Kidude kinapima mkono, na mkono una mwenyewe.

Mwishowe daktari akasema, "Hapa kliniki anabanwa. Tumpe vidude aende navyo kwake, akae navyo dukani siku nzima. Mtu akiwa kwake yuko huru." Wazo zuri, wallahi. Ningelitoa mimi kama ningelifikiria.

Ami akarudi dukani na saa zake mbili zisizo na mishale. Na hapo mtaa mzima ukashangaa, kwa sababu Ami aliporudi alirudi na adabu mpya. Sasa alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Ukimpa mkono, wake wa kushoto unakuja haraka, unashika wa kulia kwenye kifundo, unauleta mbele, na uso wake umeinama. Mchukuzi alipewa hivyo. Muuza kahawa alipewa hivyo. Vitoto vilivyotumwa kamba vilipewa hivyo, vikakimbia nyumbani kuhadithia. Na duka la Kariakoo, unajua, watu hawaachi kupita, na kila apitaye anaamkua. "Kiharusi kimemnyoosha Ami," watu walisema. Mama yangu aliporudi kutoka kumjulia hali alikaa kitini akasema, "Leo Ami kanipa mkono kama mimi ni sharifu." Mimi mwenyewe siku aliponipa hivyo niliinama nikasema ahsante. Nilijiona nimekua.

Vidude vikarudi kliniki, na takwimu zikawa zimepanda. Wiki iliyofuata zikapanda tena. Mkono wa kulia unatumika, unatoka mbele, unarudi, siku nzima. Na safari hii vilikubaliana: siku ikifanana na siku, jibu linafanana na jibu. Daktari alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, nikampigia Salma simu hapo hapo.

Salma alikuwa anangoja. Alishapata mchumba, kijana mpole wa Magomeni, na Ami alishamkagua akampitisha. Kilichokwama ni ndoa yenyewe. Mabinti wakubwa wote Ami aliwaozesha kwa mkono wake. Unajua inavyokuwa: baba wa bibi harusi anamshika bwana harusi mkono wa kulia, kiganja kwa kiganja, anatamka, "Nimekuoza binti yangu." Wakwe zake walikuwa wanataniana jinsi Ami alivyowabana hadi mifupa ikalia. Dini inaruhusu kabisa kumpa sheikh uwakala aoze kwa niaba yako, wababa wengi wanafanya hivyo na hakuna anayejali. Ami alijali. Alisema Salma hataozwa na mkono wa kuazima, yeye kuliko wote. Akaahirisha mara ya kwanza. Akaahirisha tena. Upande wa bwana harusi wakaanza maneno ya pembeni, na Salma akaanza kukonda.

Ndipo Ami aliponiita dukani, akamtuma muuza kahawa mbali, akaniuliza. "Nataka neno moja. Mkono utashika au hautashika?"

"Utashika, Ami," nikasema. "Vipimo vimepanda sana."

"Si unanifariji?"

"Mimi naweza kukufariji. Mashine haifariji mtu."

Akakiangalia kile kidude kwenye kifundo chake kwa muda. "Kweli," akasema. "Hiki hakina haya. Hakiwezi kunionea huruma." Akapanga siku.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya Alasiri. Nilikaa safu ya pili, kanzu mpya, najisikia nina sehemu yangu katika furaha ile. Bwana harusi alikaa mbele ya Ami, magoti kwa magoti, akanyoosha mkono. Mkono wa kushoto wa Ami ukaja, ukashika wa kulia, ukauleta, ukauweka kwenye kiganja cha kijana. Watu wakaguna kwa kuridhika, wanavyomjua sasa na adabu zake. Sheikh, naye ni mtu wa taratibu, akasema kwa tabasamu, "Mkono mmoja tu, Ami. Wa kulia."

Ami hakuuachia. Sheikh akadhani hakusikia, akarudia. Wa kushoto ukaachia.

"Nimekuoza," Ami akasema, na mkono ukateleza kutoka kwenye vidole vya kijana, ambaye alikuwa ameshika kwa heshima, kwa ncha tu, ukaanguka juu ya zulia. Ulitoa sauti. Msikiti ulikuwa umejaa, na naapa watu wa safu ya nyuma waliisikia. Ulilala pale, kiganja juu, na Ami hakuuokota. Hakumtazama sheikh wala bwana harusi. Alinitafuta mimi kwa macho mpaka akanipata.

Hapo hapo nikajua. Zile salamu. Kila salamu ya mikono miwili tuliyoipokea kwa macho ya machozi, ilikuwa mkono mzima unabeba mkono mfu mbele ya watu. Kidude kilisikia mwendo, kikatuambia mwendo. Hakikuulizwa nani anayebeba. Na sisi tuliolelewa vizuri, tuliofundishwa kwamba wa kushoto ukishika wa kulia ni heshima, hatukuona kitu isipokuwa heshima. Mzungu angeona ni mgonjwa. Kijana wa Mwanza labda angeona. Mimi nilioneshwa mara ngapi, na kila mara nikasema ahsante.

"Niwakilishe, sheikh," Ami akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ndoa ikafungwa, halua ikaletwa, watu wakala kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake nilijifunga kidude kwenye kifundo changu cha kulia, nikaulegeza mkono kabisa, nikaunyanyua kwa kushoto, mara nyingi, kama anayesalimia. Kompyuta ikanisifu. Nikamwita daktari akaja kutazama. Akavua miwani. "Tulipima kunyanyuliwa," akasema. "Tukadhani ni kunyanyua." Hakunilaumu hata kidogo, na heri angenilaumu.

Baada ya hapo nilianza kukwepa kile kichochoro. Nikienda sokoni nilizunguka upande wa pili, mtu mzima na kazi yake, najificha nyuma ya matenga ya nyanya nisionwe na mzee aliyekaa juu ya robota. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, wanasema, lakini hii ya kwangu niliona kila mtu anaijua, hata wauza nyanya. Mama aliniuliza kama nimegombana na Ami. Nikasema nina kazi nyingi.

Ni Salma aliyenipigia, sauti kavu. "Aba anauliza, umehama mji?"

Nikaenda. Nilimkuta amehama kutoka kule nyuma ya duka. Alikuwa amekaa mlangoni kabisa, kwenye kiti, kila mtu anamwona, na mkono wa kulia umelala mapajani juu ya msuli bila kufunikwa. Kushoto ameshika kikombe cha kahawa. Nilisimama pale kama niliyepigwa kibao. Ami anakunywa kwa kushoto, Kariakoo, mchana kweupe!

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Nikangoja ile mikono miwili ije. Haikuja. Akanywa tena, tone likamdondokea kifuani, akaliacha. "Salma kanifundisha," akasema. "Anapita asubuhi kutoka kwa mumewe. Ni kazi, kumbe, mkono usiouzoea. Wali unamwagika." Jicho lake likaenda kwenye kamba za nailoni, nikajua anaona nini. "Nimemwomba radhi. Unajua kaniambia nini? 'Aba, kunywa, kahawa inapoa.'"

Nilitaka kumwomba radhi na mimi, maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, lakini akaniwahi.

"Nilijua nanyanyua kwa huu," akasema, akitikisa kikombe. "Nani angejua kama si mimi? Lakini uliponiambia umepanda, nikasema labda kile kidude kinasikia kitu nisichokisikia mimi. Labda mkono umerudi, mwenyewe tu sijaambiwa. Nililala na furaha, mwanangu. Mtu wa umri wangu." Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikatazama chini, kwenye nyuzi za katani sakafuni.

"Haya," akasema, "njoo uchukue salamu yako. Imelala hapa, mimi siileti tena kwa mtu."

Nikachutama mbele ya kiti chake, nikauchukua ule mkono mapajani. Ulikuwa na joto, mzito, ngozi ya kiganja bado ngumu kwa kamba za miaka yote ile. Tangu nimekuwa mtu mzima sikuwahi kuushika bila kufunga kitu juu yake.

"Nabana," akasema. Alikuwa amefumba macho, jasho linamtoka kwenye paji. "Umesikia?"

Nilisikia kitu. Au nilitaka kusikia. Vidole vyangu vilikuwa vimekaza bila mimi kujua, na kilichobana na kilichobanwa sikuweza kukitenganisha. Ulimi wangu ulishafika kwenye ndiyo. Ilikuwa rahisi mno, na yeye alikuwa anaingoja. Mchukuzi akapita akapaza salamu, Ami akamjibu kwa mdomo tu, hakufumbua macho.

"Sijui, Ami," nikasema. "Wallahi sijui. Huenda ni wewe, huenda ni mimi."

Akafumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu, jicho lile lile la kukataa hela. Kisha akaweka kikombe chini.

"Basi legeza wa kwako," akasema. "Turudie."